Poblano ikigoma Dar: dalili, sababu na la kufanya, kuanzia kitaluni hadi jikoni

Poblano ni pilipili ya Mexico yenye ukali mdogo: pana mabegani, nyembamba nchani, kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kwa kipimo cha ukali cha Scoville hucheza kati ya 1,000 na 2,000, ilhali pilipili mbuzi, ambayo ni ndugu wa habanero, huvuka 100,000. Kwa hiyo poblano huliwa kama mboga. Hujazwa jibini ikakaangwa, huchomwa ikachanwa vipande virefu vya kupikwa na krimu, na ikiiva nyekundu kisha ikakaushwa huwa ancho, mojawapo ya nguzo za mchuzi wa mole. Ukishaionja iliyochomwa juu ya mkaa, utaelewa kwa nini watu wanahangaika nayo.

Shida ni kwamba kwao ni Puebla, jiji lililo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lenye usiku wa baridi. Sisi tuko ufukweni. Malalamiko yanayotoka Kinyerezi, Goba, Tegeta na Kigamboni yanafanana sana, na mengi chanzo chake ni joto la usiku, maji au tarehe ya kupanda. Wadudu na magonjwa wapo, ila mara nyingi hukuta mmea umeshachoka. Ndiyo maana naomba kila mara: usikimbilie duka la pembejeo kabla hujakagua maji na kalenda.

Tafuta dalili unayoiona. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida zaidi ndiyo inayotangulia.

Mbegu haioti, au mche unaota kisha unaanguka

Poblano huchukua siku 10 hadi 21 kuota. Wengi hufukua wakaangalia siku ya nane, na kufukua kwenyewe ndiko kunakoua. Subiri kwanza. Kama wiki tatu zimepita, sababu inayofuata ni kina: nusu sentimita inatosha, ikizidi sana sentimita moja. Baada ya hapo shuku uzee wa mbegu. Funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya kopo lenye mfuniko, angalia baada ya wiki mbili. Zikiota chini ya tano, tafuta nyingine. Mbegu zilizotolewa ndani ya ancho kavu hushindwa mara kwa mara kwa sababu joto la kukaushia huua kiini. Na kama una ndugu nje ya nchi anayetaka kukutumia pakiti, waulize kwanza TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kuhusu kibali. Mbegu husafiri na magonjwa yake.

Mche uliokatika shingoni usawa wa udongo una kinyausi. Ni ukungu wa udongo unaopenda kitalu kilichobanana na kilicholowa hadi usiku. Sia mbegu kwa nafasi, mwagilia asubuhi tu, na kabla ya kusia mimina maji yanayochemka juu ya udongo kisha uuache upoe kabisa. Mche ulioanguka hauinuki, uondoe.

Maua yapo tele, matunda hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalouza dawa nyingi zisizohitajika.

Chavua ya pilipili huharibika joto la usiku likibaki juu ya nyuzi 24 hivi, au la mchana likipita 32 na kuendelea. Ua halishiki, kikonyo kinageuka njano, linadondoka. Sasa tazama Dar kuanzia Desemba hadi Machi: mchana nyuzi 31 hadi 33, usiku mara nyingi 24 au 25. Mmea hauna ugonjwa wowote. Umetoa maua katika msimu ambao hauwezi kuyabeba, na hakuna chupa dukani inayopoza usiku.

Tiba ni kalenda. Sia mbegu mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, kitaluni chini ya paa litakalokinga mvua za masika. Hamisha miche mwezi wa Mei ikiwa na majani sita hadi nane. Kwa kuwa matunda mabichi huwa tayari siku 65 hadi 80 baada ya kuhamisha, maua yataangukia Juni na Julai, wakati usiku wa Dar unashuka hadi nyuzi 18 au 20. Utavuna mabichi Agosti na Septemba, na utakayoyaacha yawe mekundu utayapata hadi Oktoba. Ukifuata ratiba hii peke yake, nusu ya ukurasa huu hutauhitaji.

Umeshachelewa na maua yanadondoka Januari? Usiung'oe mmea. Pilipili huishi zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto. Utundikie neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40, weka matandazo ya nyasi kavu, uulinde hadi masika yapite, kisha punguza matawi kidogo. Utachanua upya baridi ikiingia.

Kama ni Julai na maua bado yanadondoka, hapo ndipo pa kuchunguza zaidi. Mmea mrefu, wenye majani makubwa ya kijani na maua ya kuhesabu, umepewa samadi ya kuku au urea kupita kiasi: acha mbolea ya nitrojeni kwa wiki kadhaa. Mmea wa ndooni unaokauka mchana na kufurikishwa jioni hudondosha maua kwa kuyumbishwa. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili, mwagilia pakiwa pakavu, na ndoo isiwe ndogo kuliko lita 20. Kisha gonga ua juu ya karatasi nyeupe. Vikianguka vidudu vyembamba vya njano au kahawia vinavyokimbia, hao ni vithiripi. Na kama umepanda kwenye kibaraza kilichozibwa pande zote, tingisha shina taratibu asubuhi: ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ila linahitaji mtikisiko.

Majani yanajikunja

Yakijikunja saa saba mchana na kufunguka jioni, ni joto tu. Yaache.

Yakibaki yamejikunja, geuza jani uone chini yake. Vidukari hukaa kwa makundi kwenye machipukizi, hunatisha jani kwa majimaji ya sukari, na sisimizi huwafuata. Wapige kwa maji ya mpira asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakirudi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja kwanza, kisha nyunyiza jioni.

Majani machanga yakitoka membamba, magumu, yamepinda kuelekea chini na kung'aa rangi ya shaba kwa chini, shuku utitiri hata kama huoni kitu. Ni mdogo mno kwa macho. Kata ncha zilizoharibika uzifungie kwenye mfuko, kisha tumia salfa ya kunyunyizia kwa kipimo cha kwenye lebo, jioni tu. Salfa kwenye jua kali la Dar huunguza majani.

Jani lenye mabaka ya kijani na njano, mmea ukidumaa, ni batobato, yaani virusi. Haina tiba. Ng'oa, usiutupe kwenye mboji, nawa mikono kabla ya kugusa mmea mwingine. Anayevuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kuingia bustanini, maana virusi vya tumbaku hupita mikononi.

*Simama hapa:* mimea kadhaa ikionyesha dalili moja ndani ya wiki moja, piga picha, chukua tawi, mwone afisa ugani wa kata yako kabla ya kunyunyiza chochote. TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ina kituo Mikocheni. Na tafadhali usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Haina lebo, kwa hiyo huna jina lake, kipimo chake, wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Chakula hicho utamlisha mtoto.

Kingo za majani zimeungua, udongo una utando mweupe

Hapa wa pwani tunapaswa kuwa makini kuliko wote. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na pilipili ni mojawapo ya mazao yasiyoivumilia. Onja maji yako. Ukiisikia chumvi ulimini, kwa pilipili tayari imezidi.

Kama mmea uko kwenye ndoo, safisha udongo: mimina maji baridi yasiyo na chumvi, polepole, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa ndoo, yatoke yote chini. Tengeneza matundu kwanza kama hayatoshi. Baada ya hapo mwagilia kwa maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua. Ukikosa, changanya nusu kwa nusu na ya kisima, na usafishe udongo kila baada ya wiki chache. Mbolea ya chumvichumvi iliyozidi huleta dalili hizohizo, kwa hiyo isimamishe pia. Jivu la mkaa, ambalo wengi humwaga wakidhani linasaidia, huongeza tatizo.

Majani ya chini yakiwa njano mzima, bila kingo kuungua, baada ya mvua kubwa, ni nitrojeni iliyooshwa kwenye mchanga wetu. Mboji au samadi iliyooza vizuri inatosha.

Mmea unanyauka na udongo una maji

Chimba kidogo pembeni ya shina. Harufu ya kuoza, mizizi ya kahawia inayochunika ngozi na shina jeusi chini ni maji yaliyotuama, jambo la kawaida kwenye masika. Inua tuta au hamishia mimea inayobaki kwenye ndoo zenye matundu. Mizizi yenye vinundu kama karanga ni minyoo fundo.

Mizizi ikionekana safi lakini mmea unalala mchana ukiwa bado kijani, unainuka kidogo usiku, na baada ya siku chache hauinuki tena, fanya kipimo hiki. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria.

*Simama:* hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa na uchome, osha jembe na viatu, usiyaruhusu maji ya tuta hilo yatiririkie jingine. Usipande hapo nyanya, bilinganya, nyanya chungu, mnavu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Mjulishe afisa ugani, hasa kama jirani yako anategemea mboga kwa kipato.

Tunda lina doa au tundu

Doa linapokaa ndilo linalosema. Kitakoni, likianza kama maji kisha kuwa jeusi na kavu, ni kuoza kitako: kalisiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja kwa kukatika. Sawazisha umwagiliaji na uweke matandazo. Maganda ya mayai hayataliokoa tunda la wiki hii, huchukua muda mrefu kuoza. Ubavuni upande wa jua, jeupe na jepesi kama karatasi, ni kubabuka: mmea una majani machache mno, upe kivuli. La mviringo, lililobonyea, lenye pete na vumbi la rangi ya chungwa kukiwa na unyevu, ni chule: vuna yote yaliyoguswa, acha kumwagilia majani.

Tundu ni la funza. Nzi wa matunda huongezeka sana msimu wa maembe, kwa hiyo anayevuna hadi Desemba huwapata. Okota kila tunda lililoanguka, lifunge ndani ya mfuko uuanike juani. Machanga yafunge kwa bahasha za karatasi.

Imetoka kali kuliko ulivyoambiwa

Utasikia kwamba imekuwa kali kwa sababu ilipandwa jirani na pilipili mbuzi. Sivyo. Ukali wa tunda la mwaka huu unaamuliwa na mmea mama wenyewe. Jirani huharibu mbegu, kwa hiyo mtoto wa mwakani ndiye atakayekushangaza. Ukitaka kutunza mbegu, funika vitumba vichache kwa kipande cha chandarua kabla havijafunguka.

Sababu halisi ni hizi: poblano moja moja huwa kali kwa asili, kiu na joto huongeza ukali, na nyekundu huzidi ya kijani. Labda pia uliuziwa aina nyingine. Poblano ya kweli ina mabega mapana na kikonyo kilichozama ndani ya tunda. Ndefu na nyembamba siyo.

Ukiwa jikoni, onja kipande kidogo cha karibu na kikonyo kabla ya kupika. Ukali umekaa kwenye utando mweupe wa ndani, mbegu zimeshika tu uliozigusa. Kwangua utando wote. Bado ni kali? Loweka vipande kwa nusu saa kwenye maji yenye chumvi na siki kidogo, mwaga maji hayo. Chakula kikishakuwa mezani, maji ya kunywa hayasaidii kwa kuwa kapsaisini, kemikali inayoleta ukali, haiyeyuki humo. Maziwa au mtindi husaidia. Tui zito la nazi linapunguza ukali mchuzini, na binafsi naona vipande vya poblano kwenye tui vinastahili kuwa chakula cha kwetu kabisa.

Ngozi haitoki baada ya kuchoma

Mara nyingi hukuichoma vya kutosha. Ngozi iwe nyeusi na yenye malengelenge pande zote, hadi kwenye mikunjo ya kikonyo. Mkaa uwe mwekundu usiotoa moshi, au moto wa gesi uwe mkubwa, ukigeuza kwa koleo, dakika 8 hadi 10. Moto mdogo huipika nyama hadi ikawa laini kama uji kabla ngozi haijaachia.

Kisha iweke ndani ya sufuria, funika, dakika 10 hadi 15. Mvuke ndio unaoachanisha. Mfuko wa plastiki usiutumie, chakula cha moto hakiwekwi humo. Ukipita nusu saa, itazidi kulainika na kuchanika. Menya kwa vidole vilivyolowa, na usiioshe chini ya bomba: ladha ya moshi uliyoihangaikia itaondoka na maji. Ikibaki ngozi kidogo hapa na pale, iache.

Tunda lililovunwa changa lina nyama nyembamba na halimenyeki vizuri hata ufanyeje. Hilo lifanye kachumbari.

Yai la kuchovyea linabanduka wakati wa kukaanga poblano iliyojazwa

Pilipili ilikuwa na maji. Ipanguse, ivingirishe kwenye unga wa ngano, kung'uta, ndipo uichovye. Piga ute hadi usimame, kisha changanya viini taratibu. Mafuta yawe ya moto: kipande cha mkate kigeuke dhahabu ndani ya sekunde zisizofika 60. Ikipasuka, ulijaza kupita kiasi au mkato ulifika chini. Jaza theluthi mbili, funga kwa kijiti cha meno.

*Hatari:* mafuta yakishika moto usimwage maji. Funika karai kwa mfuniko, zima gesi. Usilibebe nje.

Ancho ni chungu, au imeota ukungu

Uchungu hutokea kikaangoni. Ancho hupashwa sekunde 20 hadi 30 kila upande, ikinukia itoe. Ikitoa moshi mweusi imeungua, na hakuna sukari itakayoifuta kwenye mole. Anza upya na nyingine. Ikiwa nzuri, iloweke maji ya moto dakika 20 hadi 30. Onja maji hayo kabla ya kuyatia kwenye blenda. Yakiwa machungu, yamwage.

Ukungu ni hewa yetu. Kuanika kwa jua hapa, hasa kwenye vuli, kunachukua siku nyingi na tunda nene huoza katikati. Lipasue vipande viwili, toa mbegu, tumia ovena nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo, hadi liwe kama ngozi laini lisilo na unyevu. Hifadhi kwenye chupa inayofunga barabara. Ukiona unyoya hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa yote. Sumukuvu haiondoki kwa kufuta wala kwa kupika.

Hatari nyingine huja na nia njema: poblano iliyochomwa ikazamishwa kwenye mafuta na kitunguu saumu, ikaachwa kabatini. Humo bila hewa, bakteria Clostridium botulinum hutengeneza sumu isiyo na harufu wala rangi. Iweke kwenye friji na uile ndani ya siku nne, au igandishe. Mtu akila kitu cha namna hiyo kisha akaona vitu viwiliviwili, akashindwa kumeza au ulimi ukawa mzito, hospitali mara moja, na chupa yenyewe mwende nayo.

Mikono inawaka, macho yanachoma, kifua kinabana

Mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo. Rudia. Maji matupu husambaza tu. Ukimenya nyingi, vaa glavu.

Jichoni, usisugue. Suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, toa lenzi kama unavaa. Usitie maziwa wala mafuta jichoni. Maumivu au ukungu wa kuona vikiendelea baada ya hapo, nenda kwenye kituo cha afya.

Moshi wa pilipili iliyoungua ndani ya jiko lililofungwa ni mbaya kwa mwenye pumu. Fungua milango na chomea uani. Akianza kupumua kwa mluzi au kushindwa kumaliza sentensi, mtoe nje, mpe dawa yake ya kuvuta, na kama hapati nafuu upesi mpelekeni hospitali bila kusubiri.